Mihuri ya raba kwa kadi za Krismasi: mbuyu wangu unatoka na mabaka

MbuyuMmoja, Nkuhungu
Habari za jioni wapendwa. Mwaka huu kadi za Krismasi za ukoo nazitengeneza mwenyewe, 24. Zile za dukani zina theluji na misonobari, na bibi yangu wa Mvumi hajawahi kuiona theluji. Kwake Desemba ni mvua na kupanda uwele. Nataka akifungua bahasha aone mbuyu wenye nyota juu yake.

Nimechonga raba nyeupe za kufutia, zile kubwa, kwa wembe mpya. Nyota imetoka safi. Mbuyu ndio unanitesa: kingo ziko vizuri, ila katikati ya shina panabaki mabaka meupe kama ukuta uliobanduka chokaa. Nikikandamiza zaidi, wino unavujia pembeni. Pedi ya wino nayo niliinunua wiki iliyopita, imeshakauka. Lililoniumiza zaidi ni hili: nilichonga MBUKWENYI, salamu yetu ya Kigogo, jioni mbili nzima, nikapiga, karatasini nikasoma IYNEWKUBM. Nimebakiwa na raba moja tu. Nisaidieni kabla sijaigusa.

Fundi_Mihuri, Majengo
Pole sana dada. Huo wa mbuyu usiutupe. Raba mpya ina utelezi, wino haukai, unajikusanya matone. Chukua msasa laini, pitisha mara mbili tatu kwa mkono mwepesi. Halafu usiugonge muhuri kwenye pedi. Shika muhuri uso ukiwa juu, kisha uugongegonge kwa pedi mpaka shina lote ling'ae sawasawa. Chini ya kadi weka gazeti lililokunjwa mara nne, maana meza ngumu haibonyei na katikati hapafikiwi.

Shina pana namna hiyo linasumbua hata sisi tunaoshinda na mihuri. Ningekuwa mimi ningelichonga mistari myembamba ya kusimama, kama mikunjo ya gome. Mbuyu wenyewe ndivyo ulivyo.

Kuhusu maandishi: andika neno kwa penseli laini, lisomeke kawaida. Laza karatasi kifudifudi juu ya raba, sugua mgongo wake kwa kijiko. Neno litahamia likiwa limegeuka. Chonga kama unavyoliona, usirekebishe kitu.

Bibi wa Kikuyu, Dodoma
Mjukuu wangu, hewa ya Dodoma inakausha ngozi, sembuse pedi. Ile glisirini unayojipaka, dondosha matone mawili kwenye pedi ya wino wa maji, iache usiku kucha. Usizidishe, kadi hazitakauka na zitachafua bahasha. Ukimaliza kazi, ifunike na uiweke kifudifudi ili wino ushuke usoni.

Karatasi_Tu
Umetumia karatasi gani? Kama ni ya kung'aa, achana nayo, wino wa maji hauingii, utafutika kwa kidole. Manila ya kawaida inatosha. A4 moja ikate katikati, kila kipande ukikunje, unapata kadi mbili za A6 zinazoingia bahasha ya C6. Kwa hiyo karatasi 12, na ongeza tatu za kuharibu. Kunja kwanza ndipo upige, usije ukakuta mbuyu uko nyuma ya kadi. Ila kwa nini usipeleke mchoro kwa fundi akuchongee kwa mashine?

MbuyuMmoja, Nkuhungu
Shikamoo bibi, na asanteni wote. Mashine hapana, ndugu yangu. Bibi yangu anasuka vikapu, ataijua kazi ya mkono akiishika.

Msasa na gazeti vimemaliza mabaka. Mistari ya gome nimechonga saba, shina limepata uzee. Na MBUKWENYI inasomeka! Kumbe M, U, W, Y na I zikigeuzwa hazibadiliki. Za kuchunga ni B, K, E na N. Kwenye mguu wa K wembe uliteleza kidogo, nimeuacha hivyo hivyo.

Kadi 11 ziko juu ya kabati zinakauka, madirisha nimefunga kwa sababu ya vumbi. Ya kwanza iliyotoka bila baka nimeshaiandika jina la bibi.