Euro 2,300 kuja "kujitolea" Moshi wiki nne: nimshauri nini huyu mama?

Kijana_wa_Machame
Wakuu, habari za usiku. Nipo Leipzig, kazi yangu nyumba ya wazee. Zamu ya usiku niko na mama mmoja Mjerumani, binti yake ana miaka 18, kamaliza shule juzi. Kapata kampuni ya kumleta Moshi: asubuhi anafundisha Kiingereza kituo cha yatima, mchana anacheza na watoto, wikiendi maporomoko ya Materuni na chemchemi ya Chemka. Euro 2,300, nauli ya ndege mbali. Mama kaniuliza mimi kwa vile ni mtu wa huko, kama hela itakuwa imeenda pazuri. Nikabaki nakoroga chai. Ni hela inayoingia nyumbani, sawa. Ila Kiingereza cha huyo binti nimekisikia! Na je, hizo euro huwa zinamfikia nani?

MamaNeema_Rau
Mangi, shikamoo, kama nimekuzidi umri, basi marahaba.

Nimepika miaka sita kwenye nyumba ya mavolontia, jina lake silitaji. Daftari la matumizi lilikuwa mkononi mwangu maana Mbuyuni sokoni nilikuwa nakwenda mimi. Kila kichwa, mwenye nyumba alikuwa analipwa dola 15 kwa siku: kitanda, chakula, mlinzi, na gari la kuwapokea uwanja wa ndege wa KIA. Kituo kilipewa dola 50 kwa kila mgeni. Si kwa wiki, safari nzima! Piga hesabu ya wiki nne, haifiki dola 500. Zilizobaki hazikuwahi kupanda ndege.

Sasa kazi yenyewe. Julai kundi la kwanza lilipaka darasa rangi ya njano, wakachora ramani ya Afrika, nzuri kweli. Agosti likaja kundi lingine. Mwenye kituo akaona haya kuwaambia hakuna kazi, akawapa ukuta uleule, wakaupaka bluu. Ramani kwisha. Mwaka ule ukuta ulipakwa mara tatu na choo cha wasichana hakikuwa na mlango.

Na hao yatima: walikuwa ishirini na kitu. Jumapili kanisani nilikuwa nasalimiana na mama zao saba. Desemba watoto wanarudishwa kwao kula sikukuu, wageni wakikaribia wanafuatwa tena. Kulikuwa na kadogo kamoja, kila mgeni akishuka garini kanamrukia shingoni, mgeni analia kwa furaha. Mtoto wangu mimi hafanyi hivyo kwa mtu asiyemjua. Siku moja nikakauliza, yule dada wa miwani kaenda wapi? Kakanijibu, "Watakuja wengine."

Mzee_wa_Kiboriloni
Sasa mnataka watu wenye hela zao wakae kwao? Mji huu unakula kwa wageni.

MamaNeema_Rau
Baba, waje! Atembee, apande mlima, alipe mpagazi na mpishi, anunue kahawa. Huo ni utalii, hauna aibu. Mimi nasemea watoto.

Mwl_Pasua
Mama Neema sikupingi, ila si wote wako hivyo. Shuleni kwetu tulipata kijana kupitia weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani wa vijana kujitolea nje, ulioanza 2008. Ni wa vijana wa miaka 18 hadi 28, wengi wanakaa mwaka. Chakula, malazi na hela kidogo ya mfukoni anapewa. Wanaombwa tu wachangishe ndugu na marafiki. Tena tangu 2013 vijana wa huku nao wanakwenda Ujerumani kwa mpango huohuo.

Nisikudanganye, miezi mitatu ya kwanza alikuwa mzigo. Hajui Kiswahili, darasa la watoto 70 linamzidi, mara tumbo. Mwezi wa nne ndipo akaanza kusaidia kweli. Huyo binti wa wiki nne ataondoka hata "shikamoo" haijamkaa.

Halafu muulize kibali. Viza ya utalii hairuhusu kazi hata ya bure; volontia anatakiwa kibali cha ukaazi daraja C. Kampuni ikimwambia akifika uwanjani aseme anatalii, ajue keshaanza na uongo.

Dada_Nakuru
Huku Kenya serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017. Mwambie mama asome kwa nini kabla hajatuma pesa.

Kijana_wa_Machame
Shikamoo Mama Neema, umenizidi.

Jana usiku wazee walipolala nikamtafsiria yote. Hesabu ya dola hakushtuka sana, alisema alijua kuna dalali. Ile ya mama saba kanisani akaniomba nirudie. Kumbe walishatanguliza euro 300 na hazirudi. Binti kanuna, anasema nimemharibia safari, lakini asubuhi mama yake kanitumia ujumbe: anauliza weltwärts maombi yanafunguliwa lini, na kama Mwalimu wa Pasua bado anapokea watu.

Mwl_Pasua
Tunapokea. Aanze kujifunza Kiswahili sasa hivi, huko huko.