Mifuko ya korosho inalegea lakini haitoi povu majini: je, gesi ya kufichua uvujaji itasaidia?

Mbanguaji wa Mikindani

Ndugu zangu, salaam. Tuna karakana ndogo ya kubangua korosho hapa Mikindani, na korosho zilizobanguliwa tunazifungasha katika mifuko ya kilo 11.34, ambayo hunyonywa hewa na kutiwa hewa ukaa kidogo kabla mdomo haujazibwa kwa moto. Mfuko ukitoka mashineni huwa mgumu kama tofali, lakini baada ya wiki mbili au tatu ghalani baadhi hulegea, na ukiufungua unakuta korosho zimevuta unyevu na hazivunjiki kwa mlio. Tumeizamisha mifuko hiyo kwenye pipa la maji, haikutoa hata kiputo kimoja. Nasikia viwanda vikubwa hutumia gesi maalumu na kifaa cha kuinusa. Je, njia hiyo inaifaa karakana kama yetu, na gesi yenyewe ni ipi?

Fundi Majokofu, Lindi

Kaka, nianze na pipa lako. Mfuko ulionyonywa hewa una msukumo mdogo ndani kuliko nje, kwa hiyo penye tundu ni maji yanayoingia, wala si hewa inayotoka, na tundu likiwa dogo hayo maji huyaoni. Ugumu wa siku ya kwanza nao usikutulize, kwa sababu hewa ukaa hufyonzwa na korosho zenyewe na kuukaza mfuko zaidi.

Gesi zinazotumika sana ni heliamu na haidrojeni. Sababu ni kwamba chembe zake ni ndogo mno, hupenya palipo na upenyo mwembamba, na katika hewa ya kawaida zimo kwa uchache: heliamu ni kama sehemu 5 kati ya milioni, na haidrojeni haifikii hata sehemu 1. Kwa hiyo kifaa kikilia, kimenusa kilichotoka mfukoni. Heliamu ni ghali, na mashine zake nyeti zaidi ni za maabara. Sisi mafundi wa majokofu hutumia mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 na naitrojeni asilimia 95, ambao hauwaki kwa kuwa naitrojeni ndiyo nyingi. Ununue ukiwa umeshachanganywa kwenye mtungi. Usijaribu kuuchanganya mwenyewe, maana haidrojeni ikifika asilimia 4 ndani ya hewa huanza kushika moto. Fungua madirisha pia, kwa kuwa naitrojeni ikijaa chumbani humnyima mtu pumzi bila harufu yoyote. Na kabla mtu hajauliza, gesi asilia ya Mnazi Bay, ingawa tunayo mlangoni, haihusiki hapa: inawaka.

Chukua mfuko mtupu, uzibe kwa mashine ileile na moto uleule, uutie gesi hiyo hadi utune kidogo, kisha upitishe ncha ya kifaa polepole kwenye mdomo, pembe na mikunjo. Zima feni kwanza.

Mama wa Ufungashaji, Masasi

Naongezea machache kwa yaliyonikuta. Kwanza, kaka yangu, mfuko wa nailoni ya kawaida hupitisha gesi hizi kidogo kidogo kwenye ukuta wake hata kama hauna tundu, kwa hiyo pima mara tu baada ya kuujaza, ama tumia mfuko wenye karatasi ya alumini. Pili, toboa mfuko mmoja kwa makusudi kwa sindano nyembamba, uanze nao kila asubuhi. Kifaa kisipolia hapo, kazi ya siku hiyo yote haina maana.

Sisi tulianza na kifaa cha hewa ukaa kwa kuwa gesi yenyewe tulikuwa nayo tayari, tukahangaika siku nzima. Kila binti aliyeinama juu ya mfuko alikifanya kilie, kwani pumzi ya mtu ina hewa ukaa karibu asilimia 4, wakati hewa ya nje ina takriban sehemu 420 tu kati ya milioni. Tuliishia kucheka.

Kosa lenyewe tulilipata mdomoni: unga wa korosho na vipande vya ngozi ya ndani vilikuwa vimenasa pale panapozibwa. Ukikunja mdomo kuelekea kwenye mwanga utaviona kama vidoa vya kahawia.

Mbanguaji wa Mikindani

Nawashukuru sana. Jana niliazima kifaa na mtungi kwa fundi wa viyoyozi hapa mjini. Mifuko mitupu yote ilikaa kimya, isipokuwa ule wa sindano. Ndipo nikaijaza mingine korosho kama kawaida, nikaitia gesi badala ya kuinyonya hewa, na mitatu ikalia, yote karibu na pembe ya kulia ya mdomo, upande ambao kijana wetu humiminia korosho. Leo tumeweka faneli ndefu inayopita chini ya mstari wa kuzibia, na kitambaa kikavu cha kufutia kabla ya moto. Mama, je, na nyinyi mlilazimika kuongeza muda wa moto, au kufuta kulitosha?

Mama wa Ufungashaji, Masasi

Kufuta kulitosha. Moto tuliouongeza mwanzoni uliuchoma mfuko na kufungua matundu mapya pembeni mwa mshono, tukaurudisha ulipokuwa.