Mzuka ukikata katikati ya biti: maprodyuza wa muziki wa kucheza, tupeane uzoefu

Mtoa mada

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni wa sisi tunaotengeneza muziki wa kucheza kwa kompyuta: singeli, house, amapiano, gqom (hizi mbili za mwisho ni mitindo ya Afrika Kusini), chochote kile kinachopigwa watu wakaacha viti. Naomba tuongelee kukwama. Mambo ya kukosa vifaa au hela ya studio tuyaweke pembeni kwanza. Naongelea ile hali umefungua FL Studio (programu ya kutengenezea muziki), kiki, yaani ngoma nzito ya chini, imekaa vizuri, besi inatembea, halafu unasikiliza vipimo nane vilevile, kila kimoja mipigo minne, mpaka usiku wa manane na wimbo hausogei.

Mimi naamini kukwama kwingi kunaanzia hapohapo, kwenye vipimo nane. House ikiwa mipigo 128 kwa dakika, vipimo nane ni sekunde 15 tu. Ukiviacha vizunguke saa nzima umevisikia mara 240. Baada ya hapo sikio haliwezi tena kukwambia kipi kizuri na kipi kibaya. Tunasema mawazo yameisha, kumbe masikio ndiyo yamechoka, na hapo ndipo tunapoanza kujaza: sinthesaiza ya tatu, makofi mengine, vokali ya kuokoteza, mpaka mdundo unakosa pumzi.

Mimi nimetoka hapo kwa kufuta. Vile vipimo nane, pamoja na kila kilichomo, navinakili mpaka vijaze dakika tatu na nusu. Halafu naanza kutoa. Mwanzoni nabakiza kiki na hihati (matoazi madogo) peke yake, DJ apate pa kuunganishia. Besi inaingia baada ya vipimo 16. Katikati natoa kiki yote, inabaki melodia na mwangwi wake, kisha kiki na besi zinarudi kwa pamoja. Nikimaliza kufuta, tayari nina wimbo wenye mwanzo, kati na mwisho. Bado haujakomaa, lakini una umbo, na kwenye umbo mtu unaona pa kufanyia kazi.

Jambo la pili ni dogo ila lina nguvu: punguza sauti ya spika mpaka uweze kuongea na mtu juu yake bila kupaza. Kama mdundo bado unakutingisha kichwa kwa sauti hiyo, uache kama ulivyo.

Karibuni. Ukiandika, tuambie unafanya muziki gani, ulikwamia wapi hasa, na nini kilikutoa.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Asante mkuu kwa mada. Mimi ni wa singeli, na kwetu mambo yanakwenda kasi tofauti. Biti ya mipigo 200 inamaliza vipimo nane kwa sekunde 9.6, na wapo wanaofika mpaka 300. Kukinai kunakuja mapema mno.

Nikikwama sirudi kwenye ngoma. Naenda kwenye taarab. Natafuta kipande kifupi cha kinanda au fidla, nakivuta kasi mpaka kinageuka kitu kingine kabisa, nakikata vipande vinne, navipanga upya. Mara nyingi kile kipande cha tatu, ambacho sikukitegemea, ndicho kinakuwa wimbo.

Halafu niwakumbushe wadogo zangu wanaolia kwamba hawana programu za gharama. Wazee wa mchiriku, muziki wa mitaani uliotangulia singeli, walikesha na mitaa mizima ya Dar kwa kinanda kidogo cha Casio, ngoma na kipaza sauti. Vijana wa studio ya Sisso pale Mburahati walijenga sauti yao kwa vifaa vilivyokuwepo, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa kazi zao, Ulaya wakaanza kuuliza singeli ni nini. Ukiwa na sauti elfu kumi kwenye folda, usiku mzima unaisha unachagua hihati. Mimi nikianza biti mpya nachagua sauti kumi, nafunga folda, na sifungui tena mpaka biti iishe.

Na usikae na biti ndani. Ipeleke kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya usiku, ikiwa haijaiva, mpe MC aimbe juu yake. Akikosa pa kupumulia, ujue umejaza mno. Nimejifunza kupanga wimbo kwa kumwangalia MC kuliko kwa kuangalia skrini.

Mchangiaji, Nairobi

Wadau, mimi nilianza na toleo la majaribio la FL Studio. Wenye wamelitumia wanajua: unaweza kutengeneza biti, unaweza kutoa faili la sauti, lakini projekti uliyohifadhi haifunguki tena hadi ununue. Kwa hivyo nikiketi, lazima nimalize nikiwa papo hapo, na stima ikipotea kazi yote imeenda. Nilikuwa namaliza nyimbo nyingi ajabu.

Siku nilinunua programu kamili, kumaliza kukaisha. Kila kitu kilikuwa kinaweza kungoja kesho. Sasa ile sheria nimeirudisha kwa mkono wangu. Mwisho wa kila kikao natoa kila kitu kiwe sauti: ngoma faili moja, besi faili moja, melodia faili moja. Nikirudi nafungua projekti tupu, naingiza hayo mafaili, na kuanzia hapo naweza tu kukata, kugeuza na kupanga. Siwezi tena kurudi kuchezea sauti ya besi, na hiyo ndiyo inanisukuma mbele.

Melodia nazipata nikiwa kwa matatu. Naimba besi kwa simu, chini chini. Nikifika nyumbani naisikiliza na kuitafuta kwa kinanda. Besi yenye imetoka mdomoni hucheza vizuri kuliko yenye nimechora kwa mausi, kwa sababu mdomo unavuta pumzi na ile nafasi ya pumzi inabaki ndani ya mdundo.

Mchangiaji, Mwanza

Nitofautiane kidogo na kaka zangu. Kuna kukwama kusikotibika kwa mbinu. Mimi nilifiwa na mama, na kwa muda mrefu kila nikifungua kompyuta nasikia kelele tu. Watu walinishauri nijilazimishe, eti kazi ni kazi. Sikujilazimisha, na hata leo naona nilifanya sawa.

Kilichonirudisha ni kazi ya mtu mwingine. Rafiki yangu aliandaliwa kitchen party, akaniomba nimuunganishie nyimbo za kucheza za saa moja, basi. Sikubuni chochote, nilipanga tu. Nikawa natafuta wimbo upi ufuate upi, wapi akina mama wapumzike, wapi watoke na vitambaa. Katikati ya kupanga nikakosa wimbo wa kuunganisha mbili zilizopishana kasi, nikatengeneza kipande kifupi cha ngoma cha kuzivusha. Kile kipande ndicho biti yangu ya kwanza tangu msiba. Kwa hiyo aliyechoka moyo nasema apumzike kwanza, akirudi aanze kwa kuwahudumia wengine.

Mtoa mada

Pole sana dada, na asante kwa kuliweka wazi. Nakubaliana nawe kabisa, hizo ni hali mbili. Masikio yakichoka mbinu zinasaidia, moyo ukichoka zinaumiza.

Niongeze hili kwa wale ambao hawajafiwa wala hawajachoka, ila wameganda tu kwa kutaka wimbo utoke mkamilifu. Roland walitoa mashine ya TB-303 mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili imsaidie mwanamuziki asiye na mpiga besi. Haikuuzika, na 1984 uzalishaji ukasimama. Vijana wa Chicago wakazinunua mitumba kwa bei ndogo. Kundi la Phuture halikuwa na haja ya kuiga gitaa la besi, wakawa wanazungusha vitufe huku mashine inalia, na mlio ule ndio ukazaa mtindo wa acid house. Wimbo wao, "Acid Tracks", ulitoka 1987. Tenga muda wa kuchezea vitufe bila kutafuta wimbo, rekodi kila kitu, kisha siku nyingine ndiyo ukae kuchagua. Ukitaka kucheza na kuhukumu kwa wakati mmoja, mkono unaganda.

Mchangiaji, Mombasa

Salamu kutoka Pwani. Mimi ni mtu wa house, na nilikwama kwa sababu kila nilichotengeneza kilifanana na cha wengine. Nikamwendea shangazi, ambaye kwenye harusi za kwetu hakosekani kwenye chakacha, ngoma ya wanawake wa Pwani, nikamwomba apige makofi tu, nirekodi kwa simu.

Kuyaingiza kwenye programu kukawa vita, kwa sababu programu inataka kila kofi likae kwenye mstari. Nikazima ile alama ya sumaku inayovuta sauti kwenye mstari, nikayaacha makofi yakae pale alipoyapiga yeye, yakichelewa kidogo nyuma ya kiki. Hapo ndipo wimbo ukaanza kuyumba kiuno. Siku hizi nikikwama sifungui folda ya sauti za kupakua, namtembelea shangazi.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu wa Mombasa, chakacha ni sita kwa nane, inatembea tatu tatu. Kiki ya house ya nne kwa nne unaiwekaje isigongane?

Mchangiaji, Mombasa

Naweka mipigo 120 kwa dakika. Kila pigo naligawa vipande vitatu badala ya vinne, kwa hiyo kila kipimo cha chakacha kinabeba kiki mbili. Kiki inabaki ileile ya house, lakini hihati na makofi yanatembea kwa tatu tatu juu yake. Besi usiiweke chini ya kila kiki, iache iingie kwenye kipande cha tatu, itavuta kwenda kiki inayofuata. Jaribu na kipande chako cha taarab bila kukivuta kasi, kisha uniambie.