Mtoto mwenye usonji asiyeongea: apewe kadi za picha au abanwe mpaka aseme?

Wadau habari za jioni, hasa nyie wa Kigoma. Naleta hili tujadili maana nyumbani limetugawa kabisa. Mtoto wa dada yangu hapa Gungu ana miaka mitano, ana usonji, haongei zaidi ya kurudia kipande cha tangazo la redio, masikio yalishapimwa yako vizuri. Dada akaelekezwa atumie kadi za picha, sasa bibi yake na mwalimu wa chekechea wamegoma, wanasema ukimzoesha picha atakuwa mvivu wa kuongea, asipewe kitu mpaka aseme.

Mi naona hapo tunamuonea. Ana kiu, hawezi kusema, analia anajigonga ukutani, halafu tunamwita mkorofi!

Na hizi kadi sio mashine ya gharama. Utaratibu wake waliuanzisha Wamarekani wawili, Andy Bondy na Lori Frost, kule Delaware mwaka 1985, ila wengi wetu tunakosea mwanzoni, tunamshikia mtoto kadi tunamuuliza "hii nini? sema ndizi". Sio hivyo. Mnakuwa wawili, mmoja anakaa mbele kashika ndizi, mwingine nyuma ya mtoto kimyaa, mtoto akinyoosha mkono kuifuata ndizi yule wa nyuma anauongoza ule mkono uokote kadi uiweke kwenye kiganja cha wa mbele, na hapo hapo anapewa ndizi huku anasikia neno "ndizi". Hamna swali hamna masharti. Anachojifunza kwanza ni kwamba kuna mtu wa kumwendea akiwa na shida, kuongea kutafuata kama kupo. Tafiti zilizofuatilia watoto wanaotumia picha hazijaonyesha kwamba zinaua kuongea, wengine maneno yaliongezeka, wengine hawakuongea ila walau wanaeleweka.

Za dada kapiga picha na simu, kachapa steshenari, kabandika kwenye boksi la sabuni na selotepu juu. Karibuni, nyie mnasemaje?

Mzee wa Ujiji: Kijana, sisi mtoto akichelewa kuongea anakatwa udata, kale kautando ka chini ya ulimi, basi. Hayo mapicha ni ya Wazungu. Njaa ikimuuma atasema mwenyewe.

Mama wawili, Mwanga: Shikamoo mzee wangu, lakini hapo hapana. Wa kwangu alikatwa udata kwa mtu wa mtaani, damu ikatoka mpaka tukachanganyikiwa, na neno halikuja hata moja. Ulimi ukishikwa sana mtoto anaweza asumbuke kunyonya au kutamka baadhi ya herufi, usonji hauko kwenye ulimi. Na hiyo ya njaa kuna watoto wana usonji wanachagua chakula balaa, ukimnyima anaweza akakaa hivyo hivyo asile.

Ticha wa Kasulu: Mimi sipingi kadi, napinga mnavyotutupia walimu. Umesema wanatakiwa watu wawili, mimi darasa limefurika na niko peke yangu, huyo wa kukaa nyuma ya mtoto atatoka wapi? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inasema wana haki ya kusoma na wenzao, sawa, ila sheria haijaniletea msaidizi.

Mwanzisha mada: Ticha hapo umenikamata, msaidizi ni lazima na kelele hiyo tuipige halmashauri sio kwako. Ila wawili ni wa mwanzoni tu, na hiyo kazi tunaifanya nyumbani. Akishashika anakuja na kadi mwenyewe, kwako tunaomba tu akikuletea ya choo umruhusu, usimwambie "sema kwanza" wakati kajibana.

Ticha wa Kasulu: Hiyo ya choo naikubali kesho asubuhi. Kadi za michezo katikati ya somo bado hatujamalizana.

Muha halisi: Na lugha je? Sisi tuliambiwa tuache Kiha kabisa nyumbani, Kiswahili tu, eti anachanganywa.

Mwanzisha mada: Hata sisi tuliambiwa. Ila waliochunguza watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hawakukuta kwamba ndiyo inawachelewesha. Bibi yetu Kiswahili chake cha kuombea maji tu, ukimkataza Kiha si ndiyo atanyamaza na mjukuu? Kadi akipewa aitaje kwa Kiha, mama ataitaja kwa Kiswahili, ndizi ni ile ile.

Mama wawili, Mwanga: Sasa wangu akipewa kadi anaitafuna. Mnafanyaje?

Mwanzisha mada: Dada alihamia kwenye vitu vyenyewe kwa muda, anakuletea kikombe kitupu unamtilia maji, picha akairudisha baadaye. Na chapa nakala nyingi dada yangu, zitatafunwa tu.