[Watanzania Nairobi] Ufadhili wa uhakiki wa taarifa: dirishani wanauliza ni kazi au masomo

Binti wa Tanga
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nimechaguliwa kwenye ufadhili wa miezi tisa wa wanahabari na watafiti wanaopambana na habari potofu. Taasisi mwenyeji iko hapa hapa Nairobi. Leo nimepeleka karatasi zote Uhamiaji. Dada wa dirishani kaisoma barua yangu, akapigia mstari neno "posho" kwa kalamu nyekundu, akaniuliza: hii ni kazi au masomo? Nikasema ni ufadhili. Akanirudishia faili. Kama ni kazi, anataka mkataba wa ajira. Kama ni masomo, barua ya kujiunga na chuo. Sina hata kimoja, na muhuri niliogongewa mpakani Namanga unakaribia kuisha. Aliyepitia haya alijaza fomu ipi? Kibali D cha kazi, pasi ya mwanafunzi, au pasi maalumu?

Kaka wa South B
Hongera sana mdogo wangu. Usihangaike, sisi ni EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki. Soko la pamoja lipo tangu 2010, Mtanzania hapa hahitaji kibali. Rudi ukawaambie hivyo.

Mama Wawili
Kaka, tusimpotoshe mtoto wa watu. Soko la pamoja halikufuta vibali. Mwenye mkataba wa kazi unaozidi siku 90 anatakiwa aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ukamilike. Kinachomkwamisha ni kwamba hana mkataba, ana barua ya ufadhili. Mimi nilikwama hapo hapo nilipokuja kwa mradi wa afya. Taasisi ikaniandikia mkataba ili dirisha liridhike, nikachukua KRA PIN, namba ya mlipa kodi wa Kenya, na posho ikaanza kukatwa kodi kama mshahara. Mwanangu, waulize mapema nani atabeba makato hayo.

Mwalimu wa Kahawa
Mbona hakuna anayemtajia NACOSTI, tume inayotoa leseni za utafiti Kenya? Mgeni anayefanya utafiti Kenya lazima ashikizwe na taasisi ya hapa, na kabla ya leseni apate idhini ya kamati ya maadili. Akikusanya jumbe za magrupu ya WhatsApp zenye namba za watu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kaka wa South B
Mwalimu, huyu ni mwanahabari. Mwanahabari wa kigeni anajiandikisha Baraza la Vyombo vya Habari, basi. Tusimrundikie makaratasi.

Mwalimu wa Kahawa
Mwenyewe kaandika "wanahabari na watafiti". Wewe umesoma neno la kwanza ukaishia hapo.

Binti wa Tanga
Asanteni. Niwaeleze kazi yenyewe, labda itasaidia. Nafuatilia uzushi wa Kiswahili unaovuka mpaka, hasa sauti za WhatsApp. Picha unaweza kuitafuta mtandaoni ukaona ilitokea lini mara ya kwanza. Sauti huna pa kuitafutia. Unasikiliza lafudhi, adhana kwa nyuma, kondakta anayeita abiria. Wakati wa mafuriko ya 2024 nilitumiwa picha ikisemwa ni Nairobi. Nikaikuza: pembeni kuna basi la mwendokasi limezama hadi madirishani. Jangwani ile! Mtu wa Dar anaitambua hapo hapo, lakini aliyeko Umoja au Kayole atajuaje? Ndiyo maana wanatafuta watu wa pande zote mbili.

Mpemba wa Eastleigh
Kazi hiyo inahitajika mno, dada yangu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nyumbani Tanzania, mama yangu yuko Wete, mimi niko huku nasikiliza sauti za watu nisiowajua. Mmoja anasema hivi, wa pili anasema vile, na kila mmoja anaapa aliyaona kwa macho yake. X ilikuwa imefungwa tangu Mei. Mkizima njia za habari za kweli, uongo ndio unaobaki barabarani peke yake. Na Meta, wenye Facebook na WhatsApp, nao Januari 2025 walitangaza kuachana na wahakiki kule Marekani. Sisi wa Kiswahili tutalindwa na nani?

Kaka wa South B
Kenya nako tusijidanganye. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 iliweka kifungu cha habari za uongo, na aliyeweza kushikwa nacho ni mwandishi vilevile. Juni 2024 hapa mjini, wakati wa maandamano ya kupinga muswada wa fedha, tuliona picha za miaka mingine zikisambazwa kuwa za siku ile.

Mama Wawili
Mpemba, pole sana kwa siku zile. Mimi nilikuwa napika nikisubiri simu iite, chakula kikaungua sikusikia harufu. Mama yuko salama?

Mpemba wa Eastleigh
Salama, alhamdulillahi. Amenitumia hata dagaa. Urojo tu ndio hausafiri. Huku naupika, ukwaju ule ule, lakini haufiki.

Mwalimu wa Kahawa
Tia embe mbichi, si ukwaju peke yake. Binti, chuoni kwetu tuna mfano wa barua ya kumshikiza mtafiti mgeni, nitakutumia kesho. Hiyo ni ya NACOSTI tu. Ya dirishani sijui kwa kweli. Taasisi yako itume afisa wake aende na wewe, wasikuache uende peke yako.

Mama Wawili
Embe mbichi Nairobi mwezi huu unazipata wapi, Mwalimu?