Vyuo vya urubani vinachukua ada yote mbele, ndege hakuna. Wazazi, msilipe kwa mkupuo!

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mzazi yeyote mwenye kijana anayetaka kuja kurusha ndege za abiria za ATR au Dash 8 za safari za ndani asikubali kulipa ada yote kwa mara moja. Asikubali, hata kama anaahidiwa punguzo.

Mimi ni Mtanzania, nimesomea Nairobi, Uwanja wa Ndege wa Wilson, kwenye chuo ambacho sikitaji kwa sababu bado nina wenzangu pale ambao logibuku zao, yaani daftari za saa walizoruka, hazijasainiwa. Baba aliuza kiwanja Kibaha, mama akakopa SACCOS, wajomba wakachanga. Zaidi ya milioni 120 za Kitanzania ziliingia kwenye akaunti ya chuo kabla sijashika usukani. Kwenye mkataba kuna mstari mmoja mfupi: ada ikishalipwa hairudishwi. Tuliahidiwa kwamba leseni ya rubani wa biashara, ya kurusha ndege kwa malipo, tutakuwa nayo ndani ya mwaka na nusu. Muda huo ulipita nikiwa sijafika hata nusu ya saa zangu.

Kwa asiyejua mambo haya: leseni ya rubani binafsi inataka angalau saa 40 za kuruka, ya biashara inataka 200, au 150 kwa kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa. Ndivyo viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na nchi zetu zinavifuata. Juu yake unaongeza kibali cha kuruka kwa kutegemea vifaa peke yake na kibali cha injini mbili. Kwa hiyo pale chuoni unanunua saa za hewani. Hali ya hewa na sheria za anga unaweza kukesha nazo chumbani kwako ukafaulu mtihani, lakini saa za hewani huzipati popote bila ndege.

Na ndege ndiyo hakuna. Kwenye kipeperushi zimepangwa mstari zinang'aa. Nilipofika, zilizokuwa zinaruka kweli zilikuwa chache mno kwa wanafunzi tuliojaa pale. Nyingine zilikuwa nyuma ya karakana, moja haina propela, nyingine imeng'olewa redio ikafungwa kwa mwenzake. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unadandia matatu, unafika kabla ya saa moja, unakuta kwenye ubao wa ratiba jina lako limefutwa kwa kidole, wino bado umetapakaa. Unamuuliza dada wa mapokezi. "Ndege imeingia ukaguzi." Itatoka lini? "Fundi anasubiri kipuri." Wiki inayofuata ni jibu lile lile, na inayofuata tena.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ukaguzi wa ndege ya mafunzo hauji kama mvua ya ghafla. Unafanyika kila baada ya saa 100 za kuruka. Injini ya Lycoming iliyo kwenye ndege ndogo za mafunzo za Cessna 172, nyingi za zamani, mtengenezaji ameipangia ukarabati mkubwa ikifika saa 2,000. Saa hizo zinaandikwa kila siku kwenye vitabu vya ndege, vitabu ambavyo mwenye chuo anavyo mezani. Anajua miezi kabla kwamba ndege fulani italala mwezi fulani na itahitaji kipuri fulani. Kipuri hakiagizwi mapema kwa sababu hela haipo, na hela haipo kwa sababu ada yangu ilishanunua petroli ya waliotangulia na kulipa mishahara ya mwezi ule. Wanaoingia leo ndio wanaolipia saa ninazodai mimi. Wanafunzi wapya wakipungua, hata ndege zisizo na ubovu zinabaki chini.

Kinachouma zaidi ni kwamba kuchelewa huku hakumuumizi mwenye chuo, kunamlipa. Mwanafunzi akikaa wiki tatu bila kuruka mkono unasahau. Kutua kunakuwa kwa kubahatisha, taratibu za dharura zinakwama kichwani. Mwalimu, na kwa hili yuko sahihi kabisa, hawezi kukuachia ndege peke yako siku hiyo. Anasema tupige saa moja ya marudio kwanza. Saa hiyo ya marudio analipa nani? Mimi! Ndege ilikosekana kwa uzembe wao, na dawa ya uzembe wao nauziwa mimi kwa dola. Pengo likijirudia, marudio nayo yanajirudia, hadi zile saa ulizolipia mwanzoni zinaisha ukiwa hujamaliza mtaala. Ndipo mhasibu anakuletea ankara ya nyongeza, na bila kuilipa hupangiwi mtahini.

Halafu kuna mita ya Hobbs. Inaanza kuhesabu injini ikiwaka, ndege ikiwa bado chini. Kila dakika sita ni sehemu ya kumi ya saa, na kila sehemu ya kumi ni hela. Asubuhi Wilson ina foleni ya ndege za Caravan na Dash 8 zinazowahi Maasai Mara na Pwani zikiwa na abiria, na wewe mwanafunzi unasubiri pembeni propela ikizunguka, jicho moja kwa mwalimu, jingine kwenye mita. Ndiyo, muda tangu ndege ianze kutembea unaingia kwenye logibuku. Lakini ukiwa umesimama hujifunzi kitu, somo la siku hiyo linakatwa katikati, na somo lililokatwa linarudiwa kwa gharama yako. Tuliomba mara nyingi tupangiwe baada ya msongamano wa asubuhi. Tukaambiwa mchana kuna joto, na Wilson ipo juu, zaidi ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo Cessna inapanda kwa shida. Ni kweli. Basi wapunguze idadi ya wanafunzi wanaowasajili kulingana na nafasi iliyopo! Hilo hawataki hata kulisikia.

Mnara wa kuongozea ndege siulaumu. Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 ya abiria iliyokuwa imetoka Wilson kwenda Diani, juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mwanafunzi na mwalimu wake walifariki. Dash 8 ilirudi Wilson salama na watu wake 44. Mungu awarehemu wale wawili. Sisemi kilichosababisha ajali ile. Ninachosema ni kwamba anga ile ina ndege nyingi, haitaki mtu anayeruka leo kisha akakaa mwezi mzima chini. Kumnyima mwanafunzi mfululizo wa masomo ni suala la usalama pia, siyo la ada peke yake.

Walimu nao siwasemi vibaya. Wengi ni vijana wanaotafuta saa zao wenyewe, shirika likiwaita wanaondoka, nami ningeondoka. Ila mwalimu mpya anataka kwanza akupime, na kipimo kinatoka kwenye saa zako.

Ukija kupata hiyo leseni hali yenyewe ndiyo hii: mashirika yanataka uwe na kibali cha aina ya ndege yao, Q400 (toleo la Dash 8) au ATR, na kama hawakulipii unajilipia mafunzo ya simuleta, mashine inayoiga ndege, Addis Ababa au kwingine kwa maelfu ya dola. Wengine wanadai saa 500 kwanza kwa sababu ya masharti ya bima. Huku nyuma cheti cha afya cha daraja la kwanza kinaisha kila mwaka, na ukaguzi wa kuruka kwa vifaa ni kila mwaka. Familia iliyokamuliwa hadi tone la mwisho kwa saa za marudio itatoa wapi hela ya hayo?

Najua atakuja mtu hapa aseme "nenda mahakamani". Mwanafunzi wa kigeni, hela imeisha, aliyeshika rekodi zako za mafunzo ndiye unayetaka kumshtaki, na saini yako iko chini ya ule mstari wa "hairudishwi". Nenda wewe.

Na hili haliko kwetu tu. Aprili 2023 chuo cha Tayside Aviation cha Dundee, Scotland, kilifilisika wanafunzi wakiwa wameshalipa mbele. Februari 2008 Silver State Helicopters ya Nevada, Marekani, ilifunga ghafla, vijana wakabaki na mikopo ya makumi ya maelfu ya dola bila leseni. Mchezo ni ule ule kila mahali, hela ya mwanafunzi inageuzwa mtaji wa mwenye chuo.

Ninachotaka kinawezekana. Ada ya urukaji ikae kwenye akaunti ya amana benki, chuo kichote kwa saa zilizokwisha kurukwa na kusainiwa na pande zote mbili. Saa ya marudio inayotokana na ndege kukosekana ilipwe na chuo. Idadi ya wanafunzi ifungwe kwa idadi ya ndege zinazoruka, siyo zilizochorwa kwenye kipeperushi. Kanuni za anga za Afrika Mashariki zinaoanishwa kupitia CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ofisi yake iko Entebbe, kwa hiyo kifungu hiki kinaweza kuandikwa mara moja kikafanya kazi Dar, Nairobi na Kampala.

Mpaka hapo, mzazi lipa kwa vitalu vya saa kumi kumi, kijana akiruka ndipo uongeze. Kabla ya kulipa hata hicho cha kwanza nenda chuoni bila miadi, hesabu kwa macho yako ndege zilizo tayari kuruka, kisha waulize wanafunzi waliokaa nje mara ya mwisho waliruka lini. Chuo kikikataa malipo ya vitalu, ondoka.

Mwenye mkataba wa chuo chochote aubandike kwenye uzi huu, afiche jina na namba ya pasipoti, tulinganishe vifungu. Wa kwangu naupandisha kwenye komenti ya kwanza.