Kadi za mihuri mkononi nyeupe, kwenye picha kijivu. Nisaidieni wadau

karatasi_na_wino:
Habari zenu wadau. Natengeneza kadi za salamu kwa mkono, za bethidei, pole, harusi, hongera ya mtoto, napiga mihuri ya mpira na ile ya plastiki inayoonyesha, halafu napaka rangi kidogo. Kadi zenyewe zinapendeza, mtu akiishika anaipenda, shida iko kwenye picha. Karatasi nyeupe inatoka kijivu, mara nyingine njano kabisa kama daftari la zamani, kingo za kadi zinajipinda, na zile nilizowekea unga wa dhahabu ule unaoyeyushwa kwa joto, dhahabu haionekani inakuwa nyeusi tu. Natumia simu ya kawaida, napigia mezani usiku na taa ya dari inawaka maana ndo muda ninaopata. Nimejaribu filta za kila aina, weupe ukirudi basi rangi zingine zote zinachujuka. Je ninunue kamera au kuna kitu sikioni? Afu swali la pili, mihuri mikubwa yenye sehemu pana inatoka na mabaka, katikati wino haushiki. Nini dawa?

mwanga_wa_ubavuni:
Hela ya kamera weka kwanza, simu haina kosa. Kamera yoyote inapopima mwanga inachukulia kwamba kilichoko mbele yake kwa wastani ni kijivu cha kati, sasa ukijaza picha nzima na kadi nyeupe juu ya meza nyeupe yenyewe inaona mwanga umezidi inapunguza, weupe wako ndo unakuwa kijivu. Gusa kadi kwenye skrini, simu nyingi zinatoa alama ya jua au kimstari pembeni, kipandishe taratibu mpaka karatasi iwe nyeupe lakini bado unaona kadi inaishia wapi. Ukizidisha kingo zinamezwa na meza. Kwenye kamera kubwa ni kama +0.7 mpaka +1 kwenye kipimo chake cha kuongeza mwangaza, ndo kiasi hicho hicho.

Hiyo njano inatoka kwenye taa. Taa nyingi za majumbani ziko kwenye kelvini 2700 hadi 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikiwa ndogo mwanga unakuwa wa njano zaidi), mwanga wa mchana ni kama 5500. Na ukichanganya taa na dirisha ndo umeharibu kabisa, upande mmoja wa kadi njano upande mwingine bluu, hakuna filta ya kurekebisha yote mawili kwa mpigo. Mimi nasema piga mchana, karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, zima kila taa. Dirisha liwe ubavuni mwa kadi, sio mgongoni kwako, na upande wa pili simamisha karatasi ngumu nyeupe irudishe mwanga. Isogeze karibu na kadi taratibu huku unaangalia skrini, utaona kivuli kinalainika mbele ya macho yako, simama pale ambapo kivuli bado kipo lakini hakifichi kitu. Flashi usiiguse.

fundi_bahasha:
Naunga mkono, naongezea kwenye kingo na dhahabu.

Kingo zinajipinda kwa sababu unaisogelea sana kadi na lenzi pana ya simu. Rudi nyuma nusu mita hadi mita moja, tumia zumu ya 2x, kama simu yako haina lenzi hiyo piga tu kwa mbali ukate baadaye. Washa gridi, ile mistari ya kwenye skrini, uone kama kadi imenyooka. Na simu iwe usawa wa katikati ya kadi, ukipiga kadi iliyosimama huku umeiinamia kutoka juu lazima chini ionekane nyembamba. Kadi nyepesi inalala nyuma yenyewe, kwa hiyo weka kitu kizito nyuma yake kisichoonekana, egemeza simu kwenye vitabu, weka taima ya sekunde 2 mkono usitikise.

Dhahabu sasa. Ule unga ukiyeyuka unang'aa, na kitu kinachong'aa kinaonyesha kile kilicho mbele yake. Mbele yake kuna nini? Simu yako nyeusi na chumba chenye giza! Chukua karatasi ngumu nyeupe, toboa tundu la kutosha lenzi, ivalishe simu kisha piga kupitia hapo, uso mzima wa dhahabu utaonyesha weupe na utawaka. Ikigoma geuza kadi nyuzi chache tu kuelekea dirishani. Hii mbinu naipenda mno, inafanya kazi kwa fedha na shaba pia.

zima_taa_ya_dari:
Jamani mwenzetu kasema muda wake ni usiku, mnamwambia apige mchana. Inawezekana usiku. Tafuta taa mbili zinazofanana kabisa, za kelvini 5000 na kuendelea, kwenye boksi angalia namba ya CRI iwe 90 kupanda, hiyo inaonyesha rangi zitatoka zilivyo. Weka moja kila upande, mbele ya kila taa tundika kitambaa cheupe chepesi (mbali na balbu isiungue), zima ya dari. Au nunua kile kiboksi cheupe chenye taa ndani.

mwanga_wa_ubavuni:
Taa mbili sawa, nakubali. Kiboksi kwa kadi za mihuri mimi sikubaliani nacho, mwanga unatoka pande zote kwa hiyo mistari iliyoinuka inakosa kivuli, kadi inaonekana imechapwa kwenye printa, na kazi yote ya mkono imepotea. Ukitumia taa mbili basi moja iwe mbali kuliko nyingine, umbile litabaki.

karatasi_na_wino:
Asanteni sana, hiyo ya karatasi yenye tundu naijaribu leo leo. Na mabaka je?

pedi_ya_wino:
Mabaka yana vyanzo kadhaa. Muhuri mpya wa plastiki unakuja na utando wa kiwandani unaokataa wino, usugue kidogo kwa kifutio cha penseli, kidogo tu, mpaka ung'avu upungue. Kwenye muhuri mkubwa usigongeshe muhuri kwenye pedi, ugeuze uso juu halafu pedi ndo iufuate, utaona mahali wino haujafika ukiuinamisha kwenye mwanga. Chini ya karatasi weka sponji nyembamba ya bapa, meza ngumu haisamehei hata chembe ya vumbi. Ukikandamiza usiyumbishe, pitisha vidole kote juu ya kishikio, katikati hasa. Karatasi iwe laini, gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba (ndo kipimo cha unene kinachoandikwa kwenye pakiti), zile zenye vinundu za rangi za maji zitakuachia weupe hata ufanyeje.

Wino nao angalia. Kuna unaozama kwenye karatasi na kukauka haraka, na kuna mzito unaokaa juu ukachelewa kukauka, huo mzito ndo unashika unga wa dhahabu vizuri. Kama utapaka rangi za maji baadaye mistari ipige kwa wino usioyeyuka kwa maji. Osha mihuri kwa maji na sabuni kidogo, ya plastiki usiiache juani, inakakamaa.

karatasi_na_wino:
Mungu awabariki. Moja la mwisho jamani, kwenye picha ya karibu mkunjo unaonekana umepasuka pasuka, nyuzi nyeupe zinatoka kwenye karatasi ya rangi.

fundi_bahasha:
Unakunja kinyume na nyuzi za karatasi. Ipinde kwa mkono bila kuvunja, kwanza upande huu kisha ule, unaokubali kirahisi ndo uelekeo wa nyuzi, mkunjo ufuate huo. A4 nyingi nyuzi zinakwenda na urefu, kwa hiyo ukiikata katikati upate A5 mbili kisha ukaikunja kila moja katikati kuwa A6, umefuata nyuzi na inaingia bahasha ya C6 vizuri. Ukiikata kwa urefu upate vipande vyembamba halafu ukavikunja, hapo lazima vipasuke. Kabla ya kukunja chora mfereji kwa rula na kitu butu, kalamu iliyoisha wino inatosha.